Mlinzi wa Darubini

Mjomba alipoanza kusahau majina, alianza na ya majirani, kisha yakafuata ya wapwa zake. Alikuwa mpiga chapa mstaafu, hana mke wala mtoto, kwa hiyo mpwa wake msusi alimhamishia kwake, katika chumba kilicho nyuma ya saluni. Kaka wa msusi, fundi friji aliyebandikwa jina la Tembo kwa sababu ni mwembamba kama sindano, alikuja kila Jumapili kumnyoa mzee ndevu.

Jumapili moja mvua ilikataa kukatika. Tembo aliingia na boksi kuukuu lililozibwa kona kwa utepe. Ndani mlikuwa na ramani zilizofifia na kete zenye pande nyingi. Ulikuwa mchezo ambao Mjomba aliwachezesha utotoni. Yeye alisimulia, wao wakawa wapelelezi wa mambo ya kutisha yanayoishi nyuma ya nyota. Kila mpelelezi alikuwa na alama za akili. Akiona yasiyofaa kuonwa, zilipungua, na zikiisha ndiyo basi tena.

"Utamsumbua bure," msusi alisema. "Jana ameniuliza mimi ni mteja wa nani."

"Tujaribu tu, dada. Tutapoteza nini?"

Tembo akamwekea mzee, aliyejilaza kitandani, kete kiganjani. Mjomba akaipapasa taratibu, kama alivyokuwa akipapasa herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji. Sauti yake ya zamani ikatoka, nzito, bila kutafuta maneno.

"Mmefika mnarani. Ukungu umeufunika mlima hadi kiunoni. Juu yupo mzee anayelinda darubini. Ametazama mbinguni kupita kiasi."

Mvua ikanong'ona juu ya bati. Kupitia mlango wa saluni, mashine za kukaushia nywele zilionekana kama vichwa vilivyoinamia usingizi.

"Nagonga," msusi akasema.

"Mlinzi anafungua. Anakutazama kama mtu aliyewahi kukujua."

"Namuuliza anaona nini huko juu."

Mjomba alifumba macho. "Kuna kitu kikubwa kisicho na umbo. Hakina chuki na mtu. Kinapita tu, na kila kinapopita, nyota zinazimika. Mlinzi alizijua zote kwa majina."

Tembo akainamisha kichwa. Msusi akasogea karibu.

"Namuuliza kama anaogopa."

"Zamani aliogopa giza. Siku hizi anaogopa kwamba wanaopanda kuja kumwona watachoka na mlima."

"Mwambie hatutachoka, Mjomba."

"Hilo halisemwi hivihivi. Tupa kete."

Msusi akaichukua kiganjani mwake, akairusha. Kete ikadunda, ikabingirika mvunguni. Tembo akalala kifudifudi kuitafuta. Namba aliyoikuta ilikuwa mbaya, mbaya kabisa.

"Inasemaje?" Mjomba aliuliza.

"Amefaulu," Tembo akajibu kutoka mvunguni.

Mzee akatabasamu. "Basi mlinzi anawakaribisha ndani." Akageukia ukutani, akapitiwa na usingizi mwepesi, wakabaki wawili wakisikiliza mvua.

Jina la mpwa wake msusi halikurudi tena. Lakini kuanzia siku ile, mara kwa mara saluni ikiwa imejaa, sauti ilisikika kutoka chumba cha nyuma: "Mpelelezi." Wateja walicheka.

"Abee, Mjomba," msusi aliitika, akaacha kichwa cha mtu kikiwa kimesukwa nusu, akaenda kumsikiliza.