Mama Mkwe Ukumbini

Mzee Mahona hakugusa soda yake. Koleta, aliyekuwa amepiga magoti mbele yake na sinia mkononi, alijua hapohapo kwamba kuna jambo. Mgeni wa posa aliyekuja kwa heri hulalamikia jua, huisifia nyumba, hunywa. Huyu ametoka Nzega alfajiri, amefika Kwihara saa tano na vumbi lake mabegani, na kitu pekee alichokishika ni simu, tena kwa mikono miwili.

"Kabla ya lililotuleta," akamwambia Alois, mjomba wake Koleta, "kuna picha nataka nielezwe maana yake."

Koleta hakuhitaji kuuliza picha gani: ni ile ya gemu lake la kompyuta.

Gemu lenyewe lilikuwa la kuishi tu, halina bunduki wala magari ya mashindano. Unaumba watu, unawajengea nyumba, wanapika, wanaoga, wananuniana, wanazeeka. Koleta alishinda wiki nzima akichapa barua za watu kwenye duka la steshenari mjini Tabora, na kazi ikipungua alikuwa na mji wake mwenyewe ndani ya kompyuta. Humo aliwaweka wote awapendao: mama yake Apolinaria, mjane, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, mjomba Alois, na Mathias, fundi wa sola, mchumba wake wa miaka mitatu. Mwezi uliopita akapata nyongeza ya gemu hilo, ile ya maisha ya usiku. Mji wake wa kulala saa mbili ukajaa kumbi za dansi, taa za rangi, wapiga gitaa na watu wa kutongozana kaunta. Na kulikuwa na jambo jipya: ukiwaacha bila amri, watu wako wanavaa wenyewe na kwenda ukumbini wenyewe.

Basi Jumatano moja mchana Mathias alikuwa amempitia dukani, wakawa wanatazama mji ukijiendea. Mathias wa gemu akaingia ukumbini kwa madaha. Kwenye kaunta, ndani ya gauni la kumetameta ambalo mwenyewe asingelivaa hata kwa kulazimishwa, alikuwa amekaa Apolinaria. Wakaangaliana. Mathias akamshika mkono, kisha kiuno, wakacheza.

Koleta alikurupuka kufunga. Mathias wa kweli akamshika mkono, anacheka mpaka machozi. "Acha, acha bwana! Ngoja nirekodi kwanza!"

Mathias, mtoto wa Mzee Mahona, ndiye aliyepaswa kushtuka kwanza. Kwa akina Mahona mama mkwe haguswi, hatazamwi usoni, wala hali sahani moja na mkwewe. Mathias huyuhuyu, akikutana na Apolinaria njiani, alikuwa anaacha njia na kuingia kwenye mahindi ya watu mpaka mama apite. Hata leo, siku yake mwenyewe ya posa, alikaa nje kibarazani, kaupa mlango mgongo, kwa sababu mama alikuwa ndani. Lakini siku ile alicheka, akarekodi kwa simu yake, akamrushia binamu yake mmoja. Mmoja tu, alisema. Binamu naye ana kundi la ukoo mzima kwenye simu.

Mzee Mahona akampa Alois simu. Muziki wa ukumbi ukajaa sebule, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Alois akatazama, akajikuna shingo, akatazama tena.

"Nami nione," akasema Apolinaria.

Hakuna aliyetaka kumpa, na hakuna aliyeweza kumnyima. Akaivuta simu karibu na macho. Ilikuwa video ya nusu dakika, lakini Koleta aliona inachukua mwaka. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

Apolinaria akairudisha simu mezani taratibu, akajifunga upya kitenge chake.

"Mimi siyajui mambo ya kompyuta," Mzee Mahona akasema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililotisha. "Nauliza moja tu. Nani aliwatuma hawa wacheze?"

Koleta akafungua mdomo aseme kweli, kwamba hakuna. Walikwenda wenyewe, ndivyo gemu lilivyo. Akaufunga, maana aliona neno hilo linakokwenda. Mzee huyu hajawahi kushika kompyuta. Angerudi Nzega na maneno yaliyotoka kinywani mwa binti mwenyewe, kwamba mwanawe na mama mkwe walikwenda dansi kwa hiari yao, bila kutumwa na mtu. Nani angemweleza nini tena? Jumapili ijayo Apolinaria angesimama mbele ya jumuiya, na akina mama wangekuwa wanakonyezana. Na posa ingeishia hapo. Miaka mitatu, na Koleta alimtaka Mathias, alimtaka hasa.

"Ni mimi, baba," akasema. "Niliwatuma mimi."

"Umtume mama yako mzazi? Na mchumba wako?"

"Ndiyo, baba."

"Na aliyerekodi?"

Hapo Koleta akatazama mlangoni. Kutoka alipopiga magoti aliliona bega la Mathias, shati jeupe, na kisigino kilichokuwa kinadundadunda sakafuni. Anasikia kila neno. Hakuhitaji hata kugeuka. Angesema tu, kwa mgongo wake huohuo, "Baba, ni mimi niliyerekodi," na mzigo ungekuwa wa watu wawili. Koleta akasubiri. Kisigino kikatulia. Bodaboda ikapita barabarani, ikaenda hadi sauti yake ikapotea. Mathias akainama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Ni mimi pia," akasema Koleta.

Apolinaria akamgeukia. "Mwanangu, nimekukosea nini mimi?"

Hilo lilimuuma kuliko yote. Mama hakuwahi kumuuliza swali la namna hiyo, hata mwaka ule bintiye alipoiba sadaka. Koleta alitazama sakafu, akauma midomo asilie mbele ya wageni.

Wazee wakatoka uani kushauriana. Waliporudi, uso wa Mzee Mahona ulikuwa umelegea. Alisema binti anayekiri kosa bila kusukumwa anafundishika, na kwamba yeye amewaona wasichana wa kila aina. Picha ifutwe. Binti amwombe mama yake radhi hapahapa, pande zote zikishuhudia. Mathias, kwa kuwa ni sura yake iliyomshika mama mkwe, atoe mbuzi wa kuondoa aibu, aliwe, yaishe. "Ujana ni maji ya moto," akasema Alois kwa kutafuta la kusema, na wote wakacheka zaidi ya ilivyostahili. Mzee Mahona akanywa soda yake kwa mkupuo mmoja, akaomba nyingine.

Koleta akasogea kwa magoti mpaka miguuni pa mama yake, akaomba radhi. Mkono wa Apolinaria ukagusa kichwa chake, ukaondoka upesi. Jikoni shangazi zake walikuwa wameanza kunong'ona na kusafisha makoo kwa ajili ya vigelegele.

Simu ikatetemeka ndani ya mkunjo wa kitenge cha Koleta. Akausoma ujumbe kwa kificho. Ulikuwa wa Mathias, kutoka hatua nne nje ya mlango: *Umeniokoa mpenzi. Nilijua tu utajua la kusema.*

Akausoma mara ya pili. Halafu akaizima simu kabisa.

Alois akasimama, akajikohoza, akavaa sauti yake ya shughuli. "Binti yetu Koleta. Wageni hawa wamekuja kwa ajili yako. Sisi hatuli cha mtu bila kauli yako. Unawafahamu? Tuwapokee?"

Ni swali ambalo hujibiwa kwa kuinamisha uso na kunong'ona ndiyo, na hakuna anayeisikia ile ndiyo kwa sababu ya vigelegele. Koleta aliinua uso.

"Nawafahamu, mjomba," akasema, na sauti ilimtoka wazi hata jikoni wakasikia. "Msiwapokee."

Kigelegele kimoja kilichokuwa kimeshaanza kikakatikia njiani. Alois alibaki na mkono hewani. "Koleta!" Mathias akaita kutoka nje, akaruka, akafika kizingitini, na hapo akakwama, kwa sababu Apolinaria alikuwa amekaa usawa wa mlango akimtazama.

Apolinaria akamtazama kijana, akamtazama binti yake, muda mrefu. Kisha akageuza kiti chake kikaelekea ukutani, akajifunika kitenge kichwa kizima, ili kijana aweze kupita aje aseme alichokuwa nacho.

Koleta alisubiri. Mathias hakuvuka.