Dakika Nane za Mwalimu Melkizedeki

Ieleweke tangu mwanzo kwamba marehemu Mwalimu Melkizedeki hakufufuka kwa hiari yake. Nilimfufua mimi, Lesian, wa Kidato cha Tatu A, kwa kutumia sigara ya umeme, pampu ya tangi la samaki na mpira wa kubania nywele wa dada yangu Namelok. Nayaandika haya kwa heshima zote zinazomstahili marehemu.

Shule yetu ya bweni iko juu kwenye mteremko wa Mlima Meru, mahali ambapo ukungu hushuka saa kumi na moja jioni na kuingia madarasani bila kubisha hodi. Darasa letu limepakana na stoo ya fizikia. Stoo ina milango miwili: mmoja uko darasani kwetu, pembeni mwa ubao, na mwingine unatokea veranda ya nyuma. Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Melkizedeki alikaa humo kila jioni wakati wa prepo ya kwanza, yaani masomo ya jioni, katikati ya voltimita mbovu, akivuta kiko. Mkuu wa shule, ambaye ni mchungaji, alikuwa amepiga marufuku tumbaku katika eneo lote la shule. Kwa hiyo walimu na wanafunzi tulikubaliana, bila kikao, kwamba moshi uliotoka chini ya mlango ule ni ukungu. Moshi ukionekana, Mwalimu yupo. Mwalimu akiwepo, hakuna anayeongea.

Alifariki likizo ya Desemba. Siku ya mwisho ya muhula alikuwa amenirudishia daftari. Swali la tano, la ukinzani, nilikuwa nimekosa, na chini yake aliandika kwa wino mwekundu neno moja: "Nione."

Sikwenda. Nilidhani ananiita kwa sababu ya chura niliyemweka kwenye droo yake, nikaona ni busara anione Januari.

Januari mlango ulikuwa mkavu, bila moshi. Wiki ya kwanza darasa lilinyamaza kwa mazoea. Wiki ya pili watu wakaanza kunong'ona, ya tatu wakaanza kurushiana chaki. Mimi nilikaa nikiutazama ule upenyo chini ya mlango, na neno lile jekundu lilikuwa ndani ya dawati langu, chini kabisa, mahali ambapo nisingeliona. Nililiona kila siku.

Sigara ya umeme ilikuwa ya rafiki yangu Brian, aliyeitoa kwa binamu yake huko Sokon I bila binamu kujua kwamba ameitoa. Tulijaribu kuivuta nyuma ya choo, kila mmoja mara moja. Brian alitapika chakula cha mchana. Mimi nilitapika cha mchana na cha asubuhi. Hapo tukakata shauri kwamba kifaa hiki kinawafaa marehemu tu.

Ilikuwa ya aina ya kizamani: bomba la shaba, betri moja ndani, kitufe chini, na juu koili, yaani ule waya mdogo uliosokotwa unaochemsha maji yake hadi yawe mvuke. Haikuwa na kompyuta ya kuizima ikizidiwa. Nilibana kitufe kwa mpira wa Namelok, nikaunganisha pampu iliyobaki maabara ya baiolojia baada ya samaki kuaga dunia, nikapitisha mrija mpaka chini ya mlango. Mlango wa veranda kitasa chake kilikuwa kibovu, unafunguka ukiuinua kidogo. Kiranja wetu Philemoni, anayehesabu vichwa kila jioni, nilimwambia kichwa changu kiko zahanati.

Jioni ya kwanza nilitumia koili iliyokuja nayo, ya ukinzani wa ohm sifuri nukta mbili. Wingu lililotoka lingeweza kumficha ng'ombe. Nilisikia darasa zima likisimama, viti vikianguka, Philemoni akianza Baba Yetu kwa sauti ya kike. Alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku, betri ikafa. Dakika nane. Marehemu alikuwa ametoka kaburini, akasimama mlangoni, akakatika katikati ya sala. Ilikuwa aibu.

Nilifungua daftari kutafuta kosa, na likawa swali la tano lile lile. Mwalimu alikuwa akitufundisha kwa mifereji ya kumwagilia migomba. "Ukifungua mdomo wote wa mfereji," alisema, "migomba ya kwanza itaoga na bwawa litakauka kabla ya chakula cha mchana. Ukinzani ni jiwe unaloweka mdomoni. Jiwe dogo, maji mengi, bwawa halikai. Jiwe kubwa, maji machache, bwawa linafika jioni." Betri yetu ni bwawa la volti tatu nukta saba. Kwa koili ya nukta mbili, mkondo ni zaidi ya ampia kumi na nane, na betri haimalizi dakika tisa. Kwa koili ya ohm moja nukta nane, mkondo ni ampia mbili na kidogo, na betri inafika saa nzima na zaidi. Moshi wake ni mwembamba, kama wa mzee anayevuta bila haraka.

Brian alileta koili ya ohm moja nukta nane baada ya likizo fupi. Kuanzia hapo Mwalimu Melkizedeki alifika kazini kila jioni saa moja na nusu na kuondoka saa mbili na nusu, kama ratiba inavyotaka. Darasa lilinyamaza. Matokeo ya majaribio yalipanda. Kulikuwa na tatizo moja la kiimani.

"Mbona ananukia embe?" Brian aliuliza bwenini kwa sauti kubwa, shetani yule, akijua kabisa.

"Kaka, kule aliko unadhani wanaruhusu tumbaku?" alisema Philemoni. "Wamembadilishia."

"Kwa hiyo peponi kuna embe tu?"

"Wewe cheka. Siku akikuita kwa jina utatafuta mlango."

Nilicheka na wenzangu, kisha nikalala macho wazi.

Jioni ya nne nilisikia kiti kikiburutwa kwenye veranda, upande wa mlango niliopitia. Mtu alikaa. Nilichungulia kwenye tundu la kitasa nikaona khanga, soksi nene za sufu, na mikono miwili juu ya pochi nyeusi. Mama Elinami, mjane wake.

"Habari za kazi, Baba Elinami," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezoea kuusemesha mlango ule.

Pampu iliendelea kunguruma.

Alikaa hadi kengele ilipolia, akakohoa, akaondoka. Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Alimweleza habari za nyumbani: mbuzi aliyezaa mapacha, paa linalovuja jikoni, binti wa jirani aliyeolewa Kikwe. Nami nilikaa kwenye kiti cha marehemu, magoti yakigonga meza yake, nikisikiliza mambo ambayo hayakuwa yangu. Sikuweza kutoka kwa sababu alikuwa amekaa mlangoni. Sikuweza kuzima kwa sababu angejua. Kila nilipogeuka, droo ya chura ilikuwa wazi kidogo, na kila siku niliifunga.

Jumatano alisema, "Elinami anataka kuja Jumamosi na pikapu. Amenijengea chumba kule Elerai, kina jua asubuhi, kwa ajili ya hiki kifua. Nyumba ya shule ninayokaa anaitaka mwalimu mpya, ana mtoto mchanga, anaishi kwenye chumba cha wageni. Nimemwambia Elinami asije. Siwezi kumwacha mtu ambaye bado yuko kazini." Kisha akakohoa kwa muda mrefu. Ukungu ulikuwa umejaa veranda, na sakafu pale ni saruji tupu. Daktari alikwishamkataza baridi ya usiku. Jambo hilo lilijulikana hadi kwa wapishi.

Usiku ule nilimwambia Brian mchezo umekwisha.

"Kesho usiende tu," alisema. "Moshi ukikosekana ataelewa."

"Atasubiri. Wewe humjui. Ataketi pale mpaka Pasaka."

"Basi kamwambie."

"Nifukuzwe?"

Brian aliwaza. "Basi muage. Marehemu aage vizuri, aondoke."

Likawa wazo langu pia. Ijumaa nilitoa koili ya ohm moja nukta nane, nikarudisha ile ya nukta mbili. Wingu kubwa la kwaheri, dakika nane, betri inakufa, Mwalimu amekwenda, Mama Elinami anapanda pikapu. Betri ilikuwa moja tu, na tulipokwisha kuijaza chaja tuliivunja kwa jiwe ili tusishawishike. Brian angekaa darasani na saa yake ya mkononi, aandike moshi umeanza saa ngapi na umekatika saa ngapi, kwa ajili ya kumbukumbu za kisayansi.

Saa moja na nusu kamili nilibana kitufe. Nilisikia darasa likishusha pumzi. Wingu lilirudi pia upande wangu, likanijaa puani, embe tupu, bomba likawa la moto nikalishika kwa soksi. Moshi ulipenya hadi veranda. Kiti kikasogea.

"Baba Elinami," alisema Mama. Sauti ilikuwa karibu sana na ubao wa mlango. "Leo ni mwingi. Unaondoka?"

Nilifumba macho. Dakika ya sita. Ya saba. Aliweka kiganja mlangoni, nikasikia ubao ukilia.

"Kama unaondoka, niage basi."

Ya nane. Bomba lilikoroma, likazimika. Na kabla sijachomoa pampu alisema kwa upole, kama anayeanza upya kabisa, "Habari za jioni?"

Msomaji, wewe pia umelelewa. Umepigwa kofi la kisogo tangu unajifunza kutembea mpaka ulimi ukajifunza kufanya kazi peke yake. Mtu mzima amekusemesha. Nilifungua mdomo nizuie, na nje likatoka:

"Shikamoo, mama."

Nikaziba mdomo kwa kiganja, kwa kuchelewa.

"Marahaba," alisema Mama Elinami. Kisha: "Kidato cha ngapi?"

"Cha tatu, mama."

Alianza kitu nilichodhani ni kilio. Kilikuwa kicheko, kimechanganyika na kikohozi. "Miaka thelathini na mmoja," alisema, "Melkizedeki hajawahi kuniamkia hata siku moja. Fungua, mwanangu, utakufa na hilo embe."

Nilichomoa pampu kwenye umeme, nikainua mlango, nikatoka na bomba mkononi. Alilichukua, akaligeuza, akalitia kwenye pochi yake nyeusi na kufunga zipu.

"Ulijua?" niliuliza.

"Mimi nimefua mashati ya mtu yule. Ningeshindwa kujua tumbaku yake?"

"Sasa mbona ulikuwa unakuja?"

Alitazama ukungu. "Tangu tumzike, walimu wakiniona njiani wanajifanya wanatazama maua. Hakuna anayetaja jina lake. Hapa nilikuta darasa zima limenyamaza kwa ajili yake, na mtu amekaa kwenye kiti chake, anasikiliza. Nikasema, nikae kidogo. Nikazoea." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Wewe ni nani?"

"Lesian."

"Lesian wa chura?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Alicheka siku mbili," alisema. "Alimpeleka mtoni mwenyewe, kwenye kofia."

"Mama, alikuwa ameandika nimwone. Alitaka kuniambia nini?"

Alifikiri kwa uaminifu, nikamwona akitafuta. "Hakuniambia, mwanangu."

Ndani ya darasa walikuwa kimya bado, kimya cha kweli, kama zamani.

"Nitamwambia Elinami aje kesho," alisema, "na wewe ndiye utakayebeba kabati. Wewe na huyo mwenzako, maana najua hukuwa peke yako. Sasa nisindikize, nisianguke kwenye ngazi." Nilimshika mkono hadi mlangoni kwake, na nilipotoka redio yake ilikuwa inatangaza habari za saa mbili.

Jumamosi tulibeba kabati. Ni zito, la mninga, na Brian alijiona anaadhibiwa na mahakama ya juu. Mama Elinami alipanda mbele, akaniita dirishani, akaniambia nikija mjini nipite Elerai, kisha akaondoka na sigara yetu ndani ya pochi. Mwalimu mpya alihamia na mtoto jioni ile ile.

Tulipokuwa tumekaa kwenye nyasi tukijipulizia viganja, Brian alinipa karatasi yake. Moshi umeanza: saa moja na nusu. Moshi umekatika: saa moja na dakika hamsini na mbili.

"Umekosea," nilisema.

"Sijakosea. Mwishoni ulipungua ukawa mwembamba, kama ule wa koili kubwa. Ulitoka taratibu tu. Nilidhani umebadilisha."

Saa moja na dakika arobaini nilikuwa veranda, pampu nimeichomoa, betri imekufa ndani ya pochi ya Mama Elinami.

"Moshi ulinukia nini?"

"Ningejuaje? Nilikuwa na mafua."

Nimegawanya volti kwa ohm. Nimegawanya ujazo wa betri kwa mkondo, mara tatu, na mara ya nne nikampa Philemoni bila kumwambia ni ya nini. Zinatoka dakika nane na sekunde chache. Nimeiandika hesabu yote kwenye daftari, chini ya lile neno jekundu, nadhifu, kila hatua kwenye mstari wake, na jioni ya Jumatatu nikaliacha daftari limefunguliwa juu ya meza ya Mwalimu ndani ya stoo. Kama nimekosea mahali, yeye ndiye wa kunionyesha.