Mke Aliyeandikwa Mwana

Delphine Moyer alidhani wakili amelewa.

"Hebu rudia," alisema.

"Verna akuasili," wakili Breslin akarudia, wala hakutabasamu. "Awe mama yako kisheria. Hapa Pennsylvania mtoto akimrithi mzazi wake anakatwa kodi kidogo tu. Mume na mke hawakatwi hata senti. Lakini nyinyi sheria haiwaruhusu kuoana; mmoja akifa, anayebaki ni mtu baki, na mtu baki anakamuliwa."

"Akaunti ni yetu sote! Majina yapo yote mawili!"

"Ndiyo maana watatoza nusu yake tu."

Verna Kulik, fundi cherehani mstaafu, alicheka mpaka akapaliwa. Delphine hakuona cha kuchekesha. Walikuwa wameishi nyumba moja hapo Scranton tangu ujana, Verna akishona kiwandani, yeye akipika shuleni, mishahara yote ikiingia benki kwenye akaunti ile ile. Kilichowaleta kwa wakili ni msiba wa jirani. Irma aliuza nyumba ya marehemu mama yake, fedha akaziweka kwenye akaunti yake na mwenzake Tekla, ili Tekla asije akahangaika. Tekla akatangulia yeye. Irma alikuwa hajavua nguo za msiba alipotozwa kodi kwa kurithi fedha zake mwenyewe.

"Kwa hiyo nikuite mama?" Delphine aliuliza ndani ya gari.

"Niite tu. Kwa umri huu, kupata mtoto bila uchungu, nani atakataa?"

Wakaenda mahakamani, wakatia saini, wakarudi nyumbani kula. Hawakumwambia mtu. Miaka ikapita, na jambo lile likalala hadi Delphine mwenyewe akalisahau.

Kisha, Mei ya mwaka 2014, redio ya jikoni shuleni ikatangaza kwamba mahakama imeruhusu wanawake wawili au wanaume wawili kuoana katika jimbo lote. Delphine aliacha sufuria ya kabichi na tambi mekoni, akakimbia nyumbani na aproni yake.

"Verna! Vaa viatu!"

Foleni ya kuomba kibali cha ndoa ilijaa watu wanaokumbatiana na kulia. Walipofika dirishani, karani aliwatazama kwa furaha kabisa.

"Mna undugu wowote? Wa damu, au wa kisheria?"

Hapo ndipo Delphine alipoukumbuka uasili ule.

"Huyu mwanangu," Verna akasema, kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia vizuri.

"Yesu na Maria!" mtu akasema nyuma yao. Karani alirudisha mkono wake kama aliyeguswa na moto.

"Mama, siwezi. Mzazi kumuoa mtoto wake ni jinai."

Nje, kwenye ngazi, Delphine alivua aproni, akaikunja.

"Tumeruka mkojo, tumekanyaga mavi," Verna alisema.

Wakili Breslin naye alishika kichwa. Jaji angeweza kuutengua uasili ule, alisema, ila hakuna aliyewahi kumwomba. Na tangu siku ya kuutengua hadi siku ya ndoa, wangekuwa watu baki tena.

"Moyo wa Verna mbovu," Delphine alisema. "Akifa hapo katikati?"

"Utalipa hiyo kodi," Verna akamkata. "Mimi sitaki kuzikwa kama mama yako."

Jaji, mzee mkavu, aliwasomea maelezo yao polepole. "Mwanao amekukosea nini hata unamkana?"

"Hajanikosea kitu, mheshimiwa. Nataka kumuoa."

Mzee alivua miwani. Kisha akatia saini, akasema tangu sasa wanawake hawa si ndugu. Hapo Delphine alishtuka kwa machozi yake mwenyewe. Hakuwahi kuutaka umwana ule, na bado kuambiwa kwamba Verna si wake kulimuuma.

Siku za kungoja kibali hakumruhusu Verna hata kupanda ngazi. Alimlaza sebuleni, usiku akawa anaweka kiganja kifuani pake, ahakikishe. Verna alilalamika kwamba ananyonywa pumzi. Wakaoana Ijumaa mchana, Verna ameketi kitini.

Walipata majira mawili ya baridi. Verna alifia usingizini. Delphine alipokwenda benki, alikwenda akiwa amejiandaa kwa vita, na vyeti vyote mkobani.

"Marehemu alikuwa nani wako?" kijana wa dirishani aliuliza.

"Mke wangu."

Kijana aliandika, wala hakuinua uso. "Pole sana. Weka saini hapa."

Delphine alibaki ameishika kalamu, mdomo wazi, akingoja kuulizwa kitu kingine.