Kurasa za Saruji

Ukoo mzima ulimwita Karani, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeweza kusoma mwandiko wa baba mzazi wa bibi, uliokaa kama majivu yaliyoparuliwa na kuku. Miezi mitatu alikuwa akiinakili shajara ya mzee huyo kwenye kompyuta, ili Jumapili isomwe mbele ya jamaa wote. Shangazi, ambaye akitoa amri hata paka husimama, alishamwagiza: "Kurasa za ujenzi ruka, mwanangu. Nani anataka habari za saruji?"

Akaruka. Lakini Jumapili asubuhi, wageni wakianza kuingia, roho ilimsuta, akazifungua.

"Leo nimefunika kisima cha ndani, chumba cha mashariki. Mbao, na juu yake saruji vidole vitatu. Fundi anasema itahimili miaka arobaini, si zaidi. Wanangu waambiwe."

Karani akatazama tarehe. Ilikuwa imepita miaka themanini na moja. Na chumba hicho ndimo alimolala bibi, asiyeweza tena kutembea, na ndimo wageni walimokuwa wakimiminika kumwamkia.

Alitoka mbio na shajara mkononi, kisha akakumbuka asikanyage kwa kishindo. Mlangoni akawakuta watu kumi na tisa wamezunguka kitanda, na Shangazi anaongeza viti.

"Shangazi, watu watoke. Mmoja mmoja, polepole. Chini kuna kisima."

"Karani wetu kasoma mpaka kachanganyikiwa," Shangazi akasema. Wakacheka.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Karani akawasomea ukurasa, na kicheko kikakatika. Wakatoka wakinyata, hata mjomba mnene, viatu mkononi, utadhani viatu ndivyo vilivyokuwa na uzito.

Bibi akabaki kitandani. Wote wakamgeukia Karani, aliyekuwa mwembamba kuliko wote.

Aliingia akiburuza nyayo, akamwinua bibi kifuani. Mlango ulikuwa hatua sita. Kwenye ya pili sakafu ilibonyea, naye hakuthubutu kupumua wala kusimama.

Walipovuka kizingiti, kitanda kilididimia nyuma yao pamoja na vigae vya sakafu. Ilipita kitambo ndipo maji yakasikika, mbali sana chini.

Bibi akageuza kichwa kifuani pa Karani.

"Miaka minne nawaambia nasikia maji humu," alisema, akimtazama Shangazi. "Mkasema uzee."