Tanzia ya Kiplombe

Mume wangu Kipkorir aliacha kuniita Mama Kiprop siku ile kijana wetu alipoondoka nyumbani. Nikawa Mama Vivian, utadhani nilianza kuzaa na wa pili. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya miche ya parachichi. Kiprop aliipanda katikati ya shamba la mahindi bila kuuliza, baba yake akaing'oa yote, na kijana akabeba begi lake akaenda Kisumu. Miaka miwili sasa hawajasemezana. Nimewabembeleza wote wawili mpaka nikachoka, na kusema kweli kuna siku nilitamani kuwachapa.

Basi Vivian akaja na tamthilia kutoka shuleni. Ni ya zamani sana. Mfalme anamfukuza mwanawe, baadaye anamtuma mjumbe apeleke msamaha, na mjumbe anafika mtoto ameshakufa. Vivian alitakiwa kueleza ploti, wahusika na lugha. Michezo ya namna hiyo, ya vifo na majuto, darasani wanaiita tanzia. Niliposikia neno hilo nilishtuka, kwa sababu kwangu mimi tanzia ni tangazo la kifo redioni.

Alitaka mtu wa kumsomea maneno ya mfalme. Miwani yangu ilikuwa imevunjika, kwa hiyo mzee akajitolea. Na alivyoyapenda! Alisimama sebuleni na blanketi begani, akanguruma mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika.

"Huyu mfalme ako sawa kabisa," akasema. "Mwenye makosa ni huyo wa kubeba ujumbe. Alichelewa."

"Lakini Baba, mfalme ndiye alichelewa kumtuma," Vivian akajibu. "Na ucheki lugha yake. Tangu amfukuze kijana, hajamwita kwa jina hata mara moja. Anasema tu 'huyo'. Jina linatoka mtoto akishakufa."

Mzee alifunga kitabu, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe nilikuwa nimeshawakamua na kuwafungia. Nilimwonea huruma, lakini moyoni nilimpigia binti yangu makofi.

Alirudi baadaye, akakiokota kitabu. Vivian akapanga kwamba Jumamosi tusome mchezo wote, majirani wawili watatu wakiwa watazamaji. Ijumaa jioni, bila kuniambia, alimtumia kaka yake ujumbe: "Kesho saa nne tuko na tanzia hapa home. Ni Baba. Please kuja." Alimaanisha kwamba Baba ndiye mfalme. Halafu stima ikapotea Kiplombe nzima na simu zetu zote zikazima.

Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba na blanketi lake, akifanya mazoezi kimoyomoyo. Geti likafunguliwa, akaingia Kiprop akiwa amevaa suti nyeusi, macho yamevimba. Kabla sijauliza chochote akanikumbatia kwa nguvu.

"Pole, Mama. Pole sana."

"Ya nini?" nikauliza, na hapo mzee akatokea kwenye kona ya nyumba.

Kiprop alipiga yowe, akaniachilia, akarudi nyuma mpaka akagonga geti.

"Kiprop!" mzee akaita. Jina hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu ile siku ya parachichi. Ufagio ulinianguka.

Kijana alitoa simu akatuonyesha ujumbe. Vivian, aliyekuwa ametoka jikoni kuona kuna nini, aliusoma tena akafunika uso kwa leso. Mimi nilicheka huku nalia, sikujua nishike lipi. Mzee hakucheka. Aliichukua simu, akausoma ule ujumbe polepole, kisha akaurudia.

"Kwa hivyo umetoka Kisumu kuja kunizika."

"Ndiyo, Baba."

"Na ulikuwa uniambie nini?"

Kiprop aliangalia viatu vyake. "Sijui. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Halafu nikaona haisaidii, hutasikia."

Mzee alivua blanketi, akalitandaza kwenye benchi, akaketi upande mmoja.

"Kaa hapa," akasema. "Sema sasa. Nasikia."