Viti vya Kushusha na Kupandisha

Kitu cha kwanza alichokiona Evodia ni unga mwekundu wa kutu. Ulikuwa kidogo tu, umezunguka kichwa cha bolti moja kwenye sakafu ya gari. Alikuwa amepanda nyuma kupima mito ya viti. Aliufuta kwa kidole, na safari iliyofuata akaukuta tena.

Evodia alikuwa mshonaji kwenye karakana ya Amin, mjini Sumbawanga. Shule aliiacha darasa la tano. Mbele za watu maneno hayakumtoka, mpaka mafundi wakamwita Kimya, naye akaitika. Cherehani aliyoshonea ilikuwa ya Valeria, ambaye siku moja alimnong'oneza mteja kwamba breki za gari lake hazijaguswa. Kesho yake Valeria hakuwa na kazi, na kesho kutwa yake Evodia akaitwa.

Gari lenyewe lilikuwa mkonga wa Amin, pikapu la njia mbovu lenye bomba la hewa lililopanda ubavuni. Kadi yake ya usajili iliandikwa watu watatu, wote mbele. Nyuma palikuwa pa mizigo. Mwaka huo Amin alipafunika kwa turubai, akataka mabenchi mawili yanayotazamana, abebe watu wa kushuka Muze, kule bondeni.

Dominiko, fundi wa kuchomelea, alisita.

“Bosi, hii sakafu ni bati. Bolti lazima zishike chasisi, na chini tuweke bamba la chuma. Na mikanda. Halafu gari likakaguliwe, kadi iandikwe upya. Bila hivyo bima haimtambui hata mmoja atakayekaa huku nyuma.”

“Mikanda?” Amin akacheka. “Nawapeleka Muze, Dominiko, siwapeleki mwezini.”

“Muze unashuka mteremko wa Lyamba, bosi, kona na korongo.”

“Na wanaoshuka juu ya magunia wana mikanda? Mimi nawapa mpaka mto wa kukalia. Eti Kimya, si ndiyo?”

Evodia akainamia cherehani.

Mabenchi yakafungwa kwenye bati, kila moja kwa bolti nne. Na kwa kuwa kadi haikubadilishwa, ukazuka utaratibu. Kila iliposikika kwamba trafiki wako barabarani, au siku ya ukaguzi ilipofika, Bashiri, dereva, alizifungua bolti zote nane na kuyashusha mabenchi. Gari likapita likiwa la mizigo tu, kisha mabenchi yakarudi. Bashiri alijivuna kwamba chai ya kikombe kimoja haipoi kabla hajamaliza.

Lakini kila waliposhusha na kupandisha, matundu yalitanuka. Evodia aliyaona kwa sababu yeye ndiye aliyeondoa mito. Mwezi wa tano bolti iliingia kwa kugongwa. Mwezi wa sita iliingia kwa mkono. Mwezi wa saba ilitumbukia yenyewe, Bashiri akaiongezea washa, ile pete ya chuma, ya pili, kisha ya tatu.

“Imevaa hereni,” alisema, akacheka peke yake.

Siku moja Evodia alisimama kwenye mlango wa ofisi ya Amin. Maneno alikuwa ameyapanga tangu nyumbani. Amin aliinua macho. “Unasemaje?”

“Uzi umeisha,” alisema.

Mwezi wa nane kulikuwa na arusi Muze. Mama yake Evodia, Emerensiana, alitoka Kasense na dada yake Redempta na akina mama wengine sita, na unga wa ulezi kwenye ndoo. Mama alipanda gari kwa mbwembwe. “Leo tunakalia viti vya mwanangu!” Akachagua mwisho kabisa wa benchi, karibu na mlango wa nyuma, kwa sababu alikuwa mtu wa kutapika garini. Evodia alikaa akimtazama, upande wa pili.

Mbele ya kijiji cha Ntendo simu ya Bashiri ililia. Trafiki. Akina mama wakashuka, wakakipita kizuizi kwa miguu kama watu wanaotoka shambani, na gari likapita na mabenchi yamelazwa chini ya turubai. Kule mbele Bashiri akayafunga tena, haraka haraka, injini ikinguruma.

“Bolti moja imedondokea majanini,” alisema. “Zimebaki saba. Zinatosha.”

Evodia alifungua mdomo. Mama yake alikuwa ameshakanyaga ngazi. Akaufunga.

Kisha nchi ikaisha. Uwanda wa Ufipa ulikatika kama ukingo wa meza, na bonde likaonekana chini kabisa, jeupe kwa vumbi. Akina mama walikuwa wakiimba. Evodia hakusikia wimbo. Alikuwa akiitazama bolti iliyo karibu na kisigino cha mama yake. Kwenye kila shimo la barabara iliinuka, ikashuka. Kona ya kwanza. Kona ya pili, benchi likalia. Alijiambia, tukifika chini nitasema. Tukifika chini.

Kona ya tatu bolti ikang'oka na kipande cha bati. Benchi lilichepuka, akina mama wakaangukiana, na mama yake akatupwa juu ya mlango wa nyuma, kichwa na mabega yakiwa nje, juu ya korongo. Evodia alimrukia, akamshika kitenge kwa mikono yote miwili.

“Simamisha! Simamisha gari!”

Hakuijua ile sauti kuwa ni yake. Gari likafunga breki, likasimama. Mawe yaliyorushwa na tairi yaliendelea kuporomoka, yakachukua muda mrefu kufika chini.

Wakamvuta mama ndani, wote wakashuka. Bashiri aliinama akachungulia chini ya benchi.

“Tutafunga kamba,” alisema. “Nitakwenda polepole.”

“Basi tupande,” alisema Redempta. “Arusi haitungoji.”

“Hapana,” alisema Evodia. “Hakuna kupanda. Bolti zimeshika bati tupu, na matundu yote yamelegea. Gari hili ni la watu watatu. Tukifa huku nyuma, hata bima haitujui. Tunatembea.”

“Mh! Kumbe huyu ana mdomo,” alisema Redempta.

Bashiri alimtazama Evodia kwa hasira. “Amin akiyasikia haya, hesabu huna cherehani.”

Akina mama walianza kuteremsha ndoo moja moja. Mama yake alikuwa amekaa kwenye jiwe, mkono wa gauni umechanika, damu ikimchuruzika kwenye kiwiko.

“Evodia. Umejua tangu lini?”

“Mwezi wa tano, mama.”

“Na leo asubuhi, nilipokuwa napanda?”

Evodia alipiga magoti kwenye vumbi, akaanza kumfunga kiwiko kwa kilemba chake.

“Nilijua,” alisema. “Nilikuona unapanda, mama. Nikaogopa kufukuzwa kazi kuliko nilivyoogopa kwamba utakufa.”