Antena Nne Ndani ya Kiberiti

Kosa ni langu, na nalisema mapema kabla hujaanza kunionea huruma: nilipaka rangi isiyo yenyewe. Makopo mawili meusi yalikaa rafu moja kama mapacha, nikachukua moja bila miwani. Miaka ishirini na mbili nashika solda, diploma yangu iko ukutani na fremu yake, halafu nashindwa na kopo.

Maabara yetu ilikuwa inatengeneza redio ya kubandika kwenye kofia ngumu ya fundi wa handaki. Saizi ya kiberiti, ndani antena nne. Nne kwa sababu handakini mawimbi yanagonga kuta na kurudi ovyo. Antena moja ikikosa neno, nyingine inaliokota. Taabu ni kuzibananisha. Antena zikikaa karibu hivyo zinakuwa kama mashangazi waliokalia benchi moja: kila mmoja anamnong'oneza wa pembeni yake, na aliye mbali hapati kitu. Injinia wetu, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza na akili za watu watatu, alihangaika miezi mitano akichonga vijia kwenye shaba ya bodi, kile kibao kinachobeba antena, ili mashangazi waache kunong'onezana.

Wiki iliyopita nikazipaka bodi za redio nne za kwanza kitu nilichodhani ni vanishi ya kuzuia unyevu, nikazipima. Mistari kwenye kioo cha kipimo ikazama chini, haijawahi kuzama vile. Antena moja haisikii kabisa inachosema ya jirani.

"Mjomba, umepima vizuri?" Injinia akauliza.

"Injinia, mimi na mke wangu tukinuniana hatufikii hapo."

Akacheka mpaka akakaa chini. Tulichoacha kukipima ni kimoja tu: mawimbi kiasi gani yanatoka nje. Kile chumba cha sponji cha kupimia hayo kilikuwa na foleni ya wiki nzima. Tukasema mistari mizuri namna hii, ya nini kusubiri? Tukazijaribu koridoni, zikasikika, tukazifunga tukazipeleka kazini.

Anayezitumia kazini ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kazi yake ni kukagua nyufa kwenye handaki la maji. Jumapili alikuja nyumbani na redio yake ya zamani, lidude zito kama tofali.

"Shemeji, hili bado nalibeba la nini?" akaniuliza. "Si hizo mpya umepima mwenyewe?"

"Liache bwana. Litakuvunja mgongo, dada yako aje anilaumu mimi."

Maneno yangu hayo, kwa mdomo wangu.

Leo saa tatu na nusu asubuhi nikafuata vanishi kwa kazi nyingine. Nikashika kopo, mfuniko bado una karatasi ya dukani. Halijafunguliwa tangu linunuliwe. La pili limefika nusu. Hilo la pili lina rangi ya unga wa makaa, tunayoipaka ndani ya masanduku ili yameze mawimbi.

Nikabaki nimelishika kama mwizi aliyewashiwa taa.

"Injinia. Zile antena hazisikiani kwa sababu nimeziziba mdomo."

Hakuuliza mara mbili. Akaangalia kopo, akaniangalia mimi. "Rangi inakula kila kitu? Cha jirani na cha nje?"

"Chote."

"Wameingia handakini saa ngapi?"

"Saa mbili."

Alikuwa ameshachukua ufunguo wa pikapu. Njiani nikampigia msimamizi wa pale mlangoni mwa handaki.

"Ndiyo nilikuwa nawatafuta nyie!" akafoka. "Pampu imezima, maji yanajaa kule bondeni katikati, handaki linakoshuka. Shemeji yako na mwenzake wako ng'ambo ya bonde. Nawaita mpaka koo limekauka. Mita mia za kwanza waliitika, baada ya hapo kimya!"

"Tuma mtu."

"Nilituma wawili, wamerudi wameloa mpaka kifuani. Kule mbele kuna ngazi ya kutokea juu, nimetuma pikipiki ikawasubiri hapo, lakini inazunguka mlima mzima. Na wao hawajui kitu! Saa tano kamili wanageuka kurudi, ndiyo ratiba. Wanakuja kuingia kwenye maji gizani."

"Redio ya zamani?"

"Iko mezani kwangu. Si wewe uliyemwambia aiache?"

Nikakata simu. Injinia akaongeza mwendo, na mimi ambaye kila siku namwambia taratibu mama, leo nikamwambia kanyaga.

Tulifika saa tano kasoro robo. Kimoja kati ya vile viberiti vinne kilikuwa pale mlangoni, ndicho msimamizi anachoitia. Nikakifungua.

"Hivyo vyao hatuvifikii," nikamwambia Injinia. "Lakini hiki tukikisafisha, upande wetu utatoa sauti na kusikia vizuri. Nipe kitu cha kutoa rangi."

Akamwaga mkoba wake wote juu ya meza. Akanipa kichupa cha kutolea rangi ya kucha, na pamba. Siku nyingine ningemtania kuhusu kucha zake mpaka jioni. Nikasugua. Weusi unatoka kidogo kidogo, shaba inaanza kung'aa, kile kijia chembamba alichokichonga kikaonekana.

"Usikwangue kijia," akasema polepole. "Mjomba, kijia."

"Nakiona."

Msimamizi alikuwa anaangalia saa yake na kuhema. "Dakika sita. Tano na kitu."

Nikarudisha betri. Kwenye kioo kidogo cha kiberiti, alama ya mawimbi ikawaka kimstari kimoja, ikazima. Ikawaka tena.

"Ni wao," Injinia akasema. "Redio zao zinafika, kwa mbali sana. Sema! Sema sasa!"

Nikabonyeza.

"Shemeji, ni mimi. Msirudi mlikotoka. Bonde limejaa maji. Nendeni mbele, mpande ngazi ya kutokea juu. Narudia, msirudi, nendeni mbele kwenye ngazi. Redio nimeiharibu mimi, utanisema ukifika nyumbani. Kama umenisikia bonyeza kitufe mara mbili."

Nikaachia. Mvumo tu. Injinia ameinama, sikio karibu liguse kiberiti. Msimamizi ameacha kuhesabu. Kimstari kikawaka, kikazima, hakikuwaka tena. Saa ya ukutani ilikuwa imefika tano.

Nikabonyeza tena.

"Shemeji. Huna haja ya kusema kitu. Bonyeza tu. Hata mara moja."